Halloween ya 1978: bajeti ya kuungaunga, na bado tunakagua komeo la mlango

KandaNgumu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka atanisamehe, mwenye nafasi avute kiti.

Mara ya kwanza kuiona Halloween nilikuwa darasa la sita, kibandani, Temeke. Mtafsiri alikaa pembeni ya televisheni na maiki yake, na watafsiri wa enzi zile mnawajua, hawakuwa watu wa kuacha nafasi wazi. Mhusika akinyamaza, yeye anaongea. Mlango ukifunguka taratibu, yeye keshakwambia nani yuko nyuma yake na ameshika nini. Tulicheka, tukapiga kelele, tukatoka tukisema ile ni filamu ya jamaa mwenye kinyago na kisu cha jikoni, basi.

Nimeirudia nikiwa mtu mzima. Usiku, nyumba imelala, simu mkononi, hedifoni masikioni. Haikuwa filamu ile. Nilisimamisha mara mbili nikaenda kuangalia komeo la mlango wa uani, na mara ya pili nilikuwa najua kabisa kwamba nimeshalifunga. Ndipo nikaelewa kwamba yule mtafsiri, aliyefanya kazi yake kwa moyo wote, alikuwa amezijaza maneno zile sehemu ambamo filamu yenyewe inaishi.

Kwa wasioijua: usiku wa sikukuu ya Halloween, 31 Oktoba 1963, mtoto wa miaka 6 anayeitwa Michael Myers anamuua dada yake kwa kisu katika mji mdogo wa Haddonfield, Illinois. Anafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili miaka 15. Mwaka 1978 anatoroka, anarudi kwao, na kuanza kuwafuatilia wasichana wa sekondari, akiwemo Laurie, ambao usiku huo wamepewa kazi ya kukaa na watoto wa majirani. Daktari wake, Loomis, anamsaka. Hadithi nzima ndiyo hiyo, inaenea kiganjani.

Sasa angalieni ilivyotengenezwa. John Carpenter aliongoza, akaandika pamoja na Debra Hill ambaye pia ndiye aliyekuwa mtayarishaji, na muziki akapiga mwenyewe. Pesa yote ilikuwa kama dola 300,000, siku za kupiga picha kama 20. Hadithi iko Illinois mwishoni mwa Oktoba, majani yanapukutika. Wao walikuwa California, South Pasadena na Hollywood, msimu wa machipuko, miti imejaa kijani. Wakatengeneza majani ya karatasi, wakayapaka rangi ya ukavu, wakayamwaga barabarani. Wakimaliza mtaa mmoja wanayaokota yote, wanakwenda kuyamwaga mtaa unaofuata. Nikiona majani yale yanavyopeperuka mbele ya Laurie, najua kuna mtu alipiga magoti kuyazoa.

Kinyago nacho. Tommy Lee Wallace, aliyeshughulikia mandhari, alikwenda duka moja la Hollywood Boulevard akanunua kinyago cha Kapteni Kirk wa Star Trek, yaani sura ya mwigizaji William Shatner, kwa bei isiyofika dola 2. Akang'oa nyusi, akapanua matundu ya macho, akakipaka rangi nyeupe. Kilichobaki ni uso usio na hasira wala furaha. Unautazama, hujui unawaza nini. Aliyekivaa ni Nick Castle, rafiki wa Carpenter tangu chuo cha filamu, kwa dola 25 kwa siku. Jamie Lee Curtis, aliyecheza Laurie, ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema, akalipwa dola 8,000, na nguo zake zote zilinunuliwa duka la kawaida kwa chini ya dola 100. Donald Pleasence, aliyecheza Loomis, ndiye aliyekuwa na jina kubwa: dola 20,000, siku tano za kazi.

Kitu kimoja hawakukibania: kamera. Dean Cundey alipiga kwa picha pana kabisa, na sehemu nyingi kwa kamera ya kuvaa mwilini, ile inayoelea bila kutikisika. Huo upana ndio ujanja wote. Carpenter anamweka msichana upande mmoja wa kioo, upande wa pili anauacha mtupu. Hasemi kitu. Jicho lako lenyewe linakwenda kule kwenye utupu kutafuta.

Sehemu inayonikamata zaidi ni ya mchana kweupe. Laurie yuko chumbani kwake ghorofani, anachungulia dirishani. Chini, uani, kuna nguo zimeanikwa kambani, mashuka meupe yanapepea. Katikati ya mashuka kasimama mtu, anamtazama. Picha inarudi usoni kwa Laurie. Inarudi chini: mashuka yanapepea, mtu hayupo. Basi. Hakuna kisu, hakuna tone la damu. Sisi wa uswahilini ambao kamba ya nguo ni sehemu ya maisha, hiyo picha haitoki. Nikitumwa kuanua nguo magharibi, naanua haraka.

Ilianza kuonyeshwa Kansas City mwezi Oktoba 1978, ikasambaa kwa watu kuambiana, ikaingiza kama dola milioni 47 Marekani peke yake. Mwaka 2006 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa. Hayo ni ya wenye kuhesabu. Mimi nataka kusikia kwenu: hofu yake ninyi mnaiona imejificha wapi?


DogoWaMbezi

Kaka KandaNgumu, shikamoo. Sibishi kwa ubishi, nataka kueleweshwa. Nilijaribu kuiangalia mwaka jana nikazima katikati. Wasichana wanatembea, wanaongea na simu, gari linapita. Yule Annie, rafiki wa Laurie, anamwagikiwa siagi, anakwenda kufua nguo, anakwama dirishani. Nikawa najiuliza huyu anakufa lini sasa. Filamu imepita nusu, na tangu ule mwanzo sijashuhudia mtu mwingine akiuawa. Mnaposema inatisha mnamaanisha dakika ya ngapi?


KandaNgumu

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri, na umelijibu mwenyewe bila kujua. Umesema ulikuwa unajiuliza Annie anakufa lini. Nani alikwambia atakufa? Hakuna mtu aliyelitamka. Msichana anafua nguo zenye siagi, wewe umekaa unamhesabia dakika. Hiyo kazi umefanyishwa wewe, filamu imekaa pembeni.

Ungevumilia kidogo ungekutana na gari. Annie anakwenda kwenye gari lake, anajaribu mlango, umefungwa. Funguo kaacha ndani ya nyumba. Anarudi kuzichukua huku anaimba wimbo wake wa kujitungia, hana habari. Anatoka tena, anashika mlango wa gari, unafunguka. Hajaingiza ufunguo. Yeye hajaligundua, anaingia, anakaa. Halafu anaona vioo vimefuka ukungu kwa ndani, anagusa kwa kidole. Ukungu ule ni pumzi ya mtu.

Rudi uangalie ile nukta ya mkono na mlango tu. Hakuna muziki unaokushtua kukwambia angalia hapa. Ukiiona, umeiona mwenyewe, na umeiona kabla yake. Kumuona mtu anakwenda na wewe ndiye unayejua, na huna sauti ya kumfikia, kwangu hilo ni zito kuliko ndoo kumi za damu.


FundiKinanda

Nimepita nikasema nitasoma tu, lakini habari ya muziki siwezi kuiacha. Napiga kinanda kwenye kundi la taarabu Tanga, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Ule wimbo mkuu wengi wanausikia kama kelele ya piano inayojirudia. Ukae uuhesabu. Noti ni kumi kwenye kila mzunguko, nazo zimegawanyika hivi: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili, moja mbili. Jaribuni kugonga mezani. Sisi tuliokulia kwenye chakacha, zile tatu mbili za mwanzo zinatuita kabisa, mwili unajiandaa kuyumba. Halafu inakatika. Badala ya tatu nyingine unapewa mbili, na mbili, na inaanza upya kabla hujaweka mguu chini. Kila mzunguko unajikwaa mahali palepale. Ni pigo la tano, na Carpenter alilipata kwa baba yake, mwalimu wa muziki chuoni, aliyemfundisha kwa ngoma ndogo za bongo alipokuwa mtoto. Muziki wote wa filamu aliutengeneza kwa siku kama tatu.

Carpenter mwenyewe amewahi kusimulia kwamba aliionyesha filamu kwa mkuu mmoja wa kampuni ya filamu kabla haijatiwa muziki, na yule mama hakuogopa hata kidogo. Baadaye akaiona ikiwa na muziki, akaipenda. Kilichoongezeka ni sauti tu.

Kwa hiyo KandaNgumu, mtafsiri wako wa Temeke alifunika viwili kwa mpigo: kimya, na hili pigo. Ndiyo maana mlicheka.


Bi_Mwana

Assalamu alaykum jamaa. Niko Muscat miaka mingi, kwetu ni Unguja. Naongeza jambo ambalo wengi wenu nadhani hamlijui, na siku nilipolijua nililirudia kulisoma mara tatu.

Nyumba nyingi za pwani zilikuwa na kanda ya The Message, ile ya mwaka 1976 ya kuja kwa Uislamu, Anthony Quinn akiwa Sayyidna Hamza. Kwetu ilikuwa ikiwekwa kila Ramadhani, bibi anakaa mkekani analia palepale kila mwaka. Mwongozaji wake ni Moustapha Akkad, Msiria wa Halab aliyekwenda kusoma Marekani. Basi huyo Akkad ndiye aliyetoa pesa za Halloween. Huyo huyo.

Aliwahi kueleza kwamba Carpenter alimsimulia hadithi kwa mdomo, picha baada ya picha, na yeye akavutika kwa namna ilivyosimuliwa. Na Carpenter hakudai makubwa: alichukua dola 10,000 kwa kuandika, kuongoza na muziki, pamoja na fungu katika faida kama itapatikana. Akkad akaona mtu asiyetaka fedha mbele anaamini anachokifanya. Hilo kwangu linasema mengi. Mzee wa kazi kubwa kubwa, majangwa na farasi mamia, akakaa akamsikiliza kijana anayetaka kupiga picha barabara tatu na nyumba mbili.

Aliendelea kuwa nyuma ya filamu nane za mwanzo za mfululizo wa Halloween, na katikati akaongoza ile ya Omar Mukhtar, Anthony Quinn tena. Mwaka 2005 alikuwa hotelini Amman na binti yake Rima siku ya ile milipuko ya mabomu. Binti alikufa palepale, yeye siku mbili baadaye. Allah awarehemu. Mtu aliyewatisha mamilioni kwa kisu cha kuigiza akauawa na watu wa kweli waliosema wana sababu. Kila nikiiona Halloween na jina lake likapita, nasimama kidogo.


KandaNgumu

Wa alaykum salaam Bi Mwana. Hili sikulijua. Asante sana, na pole kwa kuligusa.


MamaWawili

Habari zenu. Mimi nataka kumtetea Laurie, maana kila mjadala wa filamu hii lazima atokee mtu aseme wasichana wanaokwenda na wavulana wanakufa na yule mtulivu anapona, kwa hiyo filamu inahubiri. Naona kuna watu wanaandaa hoja hiyo, nimewahi.

Debra Hill ndiye aliyeandika mazungumzo mengi ya wasichana wale, na alipokuwa msichana aliwahi kufanya kazi hiyohiyo ya kukaa na watoto wa watu. Hata jina Haddonfield ni la mji aliokulia, New Jersey. Unasikia kabisa kwamba ameandika mtu aliyewahi kuwa msichana wa miaka 17. Annie na mwenzao Lynda hawakuandikwa wachukiwe. Wanachekesha, wanasengenya, wanapendana. Wanakufa kwa sababu wako kwenye shughuli zao, kama mtu yeyote. Laurie anapona kwa sababu tangu asubuhi yeye ndiye anayetazama. Darasani mwalimu anafundisha, yeye anaona gari limesimama nje. Njiani anaona mtu kwenye ua wa miche, Annie anakwenda kuangalia, hakuna. Anaambiwa anaota, anakaribia kukubali. Mwanamke yeyote aliyewahi kusema "kuna mtu ananifuata" akajibiwa "mawazo yako tu" anaijua hiyo njia.

Na watoto. Mimi ni mama. Laurie ameshachomwa mkono, ameshapiga kelele mpaka sauti imekauka, na kila mara kitu cha kwanza anachofanya ni Tommy na Lindsey, watoto anaowaangalia, wako wapi. Mwishoni anawatuma wakimbilie nyumba ya jirani waite polisi, yeye anabaki. Hana nguvu za kushinda, anachokifanya ni kuwatoa wadogo nje.

Kabati sasa. Anafungua mlango wa roshani ili yule mtu adhani ameruka, halafu anajificha kwenye kabati la nguo lenye milango ya mbao za vipande, anakaa chini kwenye kona kati ya nguo zilizoning'inia. Mtu anavunja vile vipande, mkono unaingia, balbu inawaka na kuyumba, mwanga unakuja na kuondoka. Angalieni vidole vya Laurie wakati huo. Anainyoosha henga ya waya. Anatetemeka, anakosea, anaikunjua tena, mpaka ncha inatoka. Dada yangu ni mshonaji na mimi nilikua kati ya nguo na henga. Sijawahi kuiona henga vilevile. Anamchoma jichoni na kile alichonacho.

Watu hulalamika kwamba baadaye anatupa kisu. Anakitupa kwa sababu ni mtoto wa shule aliyedhani yameisha. Nani kati yetu angetaka kuendelea kukishika?


Simiyu_Ughaibuni

Wadau, salamu kutoka Illinois yenyewe. Mimi ni wa Bungoma, nafanya kazi huku mwaka wa tisa. Kitu kidogo kwanza: ukiwa makini utaona miti ya jamii ya mitende kwa mbali katika picha kadhaa. Huku kwetu theluji inafika magotini, hakuna mti kama huo unaoota barabarani. Ni California ile inajichungulia. Nawapenda zaidi kwa hilo.

Kubwa ninalotaka kusema ni lile la jirani. Laurie anatoka nyumba ya kina Lindsey anakimbia, anachechemea, analia kwa sauti ya mwisho. Anafika kwa jirani anagonga mlango. Taa ya barazani inawashwa. Mtu anachungulia dirishani. Halafu taa inazimwa.

Nilipoiona mara ya kwanza nikiwa Kenya niliona ni uongo wa filamu. Kijijini kwetu mwanamke akipiga nduru, wanaume wanatoka na chochote kilicho karibu, panga, jembe, mwiko, kabla hata hawajajua ni nini. Usipotoka kesho utaulizwa. Nikasema hakuna watu kama hao.

Nilipohamia huku nikaelewa mtaa ule. Nyumba zimeachana, nyasi zimekatwa vizuri, hakuna ukuta wala geti, milango ina vioo. Kila kitu kiko wazi, na kila mtu kajifungia. Usiku wa 31 Oktoba watoto wanazunguka na vinyago wakipiga kelele za kuchezea, kwa hiyo anayelia kweli na anayecheza sauti zao ni moja. Carpenter hakuhitaji kulieleza. Taa iliwaka, taa ikazima, sekunde chache, na Laurie akajua yuko peke yake. Kati ya vyote vinavyotendeka usiku ule, kwangu hicho ndicho kikatili zaidi, na aliyekifanya hakuwa amevaa kinyago.


FundiKinanda

Simiyu, umenigusa. Na kumbuka sauti pale: muziki unakimbia na yeye, halafu taa inapozima hausimami kumwonea huruma. Unaendelea kumfukuza.


BabuWaPangani

Vijana, hamjambo. Mimi filamu ninazijua tangu zile za ukumbini, na hii niliiona kwa kanda iliyokopwa ikakopeshwa mpaka picha ikawa na mistari. Nimesoma yote, sina la kupinga. Nina neno moja la huyo Michael mwenyewe.

Yule mtoto Tommy anamuuliza Laurie habari za zimwi. Wenzake wamemtania shuleni kwamba zimwi linakuja. Laurie anamwambia hakuna zimwi. Mwisho kabisa, Loomis amempiga yule mtu risasi sita ameanguka kutoka roshani, Laurie amekaa sakafuni analia, anauliza kama lile lilikuwa zimwi. Na daktari, msomi, mtu wa vitabu, anamjibu kwamba hasa, lilikuwa ndilo.

Sisi tulitishwa kwa mumiani. Jioni ukichelewa kurudi, mumiani yuko njiani, ananyonya damu. Tulimuuliza bibi: kwa nini anafanya hivyo? Anakaa wapi? Bibi hakuwa na jibu, na hakutafuta. Angesema mumiani ni fulani, mtoto wa fulani, alionewa utotoni, tungeshukuru na kutoka kucheza.

Kwenye filamu ya kwanza Michael hana sababu. Kwenye orodha ya waigizaji hata jina hana akiwa na kinyago, ameandikwa Umbo tu. Castle alipouliza aigize vipi aliambiwa atembee. Basi akatembea, na mwendo ule, wa mtu asiye na haraka anayejua atafika, hakuna aliyewahi kuuiga sawasawa. Mwaka 1981 ikaja ya pili, wakasema Laurie ni dada yake aliyepotea. Mwaka 2007 akaja mwongozaji mwingine akatupa utoto wake wote, nyumba mbaya, mwanamume mkatili anayeishi na mama yake. Kila walipomweleza akapungua. Ile ya 2018 ikayafuta yote hayo ikaanzia ilipoishia ya 1978, undugu ukatupwa, na nikaona wamemsikiliza bibi.


MamaWawili

Babu shikamoo. Ndiyo kabisa. Na ile namna anavyomwangalia Bob, mpenzi wa Lynda, baada ya kumpigilia mlangoni kwa kisu: kichwa kinalala kushoto, kinalala kulia. Anamtazama kama mtoto anayetazama mdudu. Uso wake ungeonekana, tungejua kama anafurahia. Hatuoni kitu.


KandaNgumu

Marahaba za Babu nazigawana na Mama Wawili.

Simiyu na Babu mmenifanya nirudi jana usiku kuangalia ule mwanzo, na nimegundua jinsi kila kitu kimeanzia pale. Dakika nne hivi, kamera moja inayoelea, inazunguka nyumba, inachungulia dirishani, inaingia jikoni, inachukua kisu, inapanda ngazi, inavaa kinyago. Sisi ndio macho ya muuaji na hatumjui. Kisha kinyago kinavuliwa nje ya nyumba na tunaona mtoto wa miaka 6 kashika kisu, kavaa nguo za sherehe, wazazi wake wamesimama wamepigwa butwaa. Mkono unaochukua kisu kwenye droo ni wa Debra Hill mwenyewe, maana mtoto hakuwepo. Na ile nyumba ilikuwa gofu kwa sababu hadithi inaitaka iwe gofu miaka 15 baadaye; ili kupiga usiku wa 1963 walisubiri mwisho wa kazi, wote wakashika brashi wakaipaka rangi, wakaisafisha, wakaingiza samani. Waigizaji wakipaka ukuta. Ndiyo maana nasema kuungaunga kule kunaonekana kwenye kioo, kwa uzuri. Hakuna kitu pale ambacho hakikushikwa na mkono wa mtu aliyejali.


DogoWaMbezi

Nimerudi wakuu. Nimeiangalia jana yote, kuanzia saa sita usiku, taa zimezimwa, hedifoni, kama kaka alivyoelekeza. Nitasema ukweli mtupu.

Sehemu ya Lynda na Bob bado naiona ndefu, hapo msinibadilishe. Lakini mlango wa gari niliuona. Nilijua unakuja na bado nilitamka "usiingie" kwa sauti, mpaka mdogo wangu akageuka kitandani.

Kuna mawili hamjayasema, au nimeyapita. La kwanza, Laurie anatoka chumba chenye maiti, anasimama ukutani analia, pembeni yake kuna mlango wa chumba kingine, giza tupu. Nikawa natazama uso wake. Polepole, ndani ya lile giza, weupe ukaanza kuja. Hakuna mtu aliyeingia wala kutembea. Alikuwepo muda wote, na macho yangu ndiyo yaliyochelewa.

La pili, baada ya kabati. Laurie kakaa mlangoni karibu nasi, anapumua, watoto kawatuma. Nyuma yake, mbali kidogo, haonekani vizuri, yule mtu kalala sakafuni. Anainuka. Kiuno tu ndicho kinachokunja, mgongo umenyooka kama ubao, kisha kichwa kinageuka kumtazama. Laurie hajui. Nimeirudisha hiyo mara nne.


KandaNgumu

Ule wa gizani, mdogo wangu, Cundey alifanya kwa taa ndogo yenye swichi ya kupandisha mwanga taratibu. Alimwelekezea Castle usoni, akaipandisha kidogo kidogo. Taa moja tu.


DogoWaMbezi

Taa moja. Sawa.

Basi nimalizie. Mwisho Loomis anachungulia chini kutoka roshani, nyasi tupu, mtu hayupo. Nikadhani ndiyo imeisha, nikashika simu nizime. Haikuisha. Ikaanza kunionyesha vyumba. Kochi alilokuwa amekaa Laurie. Ngazi. Barabara. Nyumba ile gofu. Sehemu zote tulizopita, hakuna mtu, na pumzi zake zinasikika juu ya kila moja, ndani ya kinyago, kwa karibu. Hedifoni zilikuwa masikioni, kwa hiyo nilizisikia nyuma ya shingo yangu.

Nilizivua. Nikakaa kidogo nasikiliza chumba chetu. Friji, mbwa wa jirani, mdogo wangu anapumua. Kisha nikaenda uani kuangalia komeo, kaka, nikalikuta limefungwa.


Simiyu_Ughaibuni

Ulirudi mara ya pili?


DogoWaMbezi

Nilirudi.